Mwaka wa Kikapu Chepesi

Leokadia alizikwa Jumamosi pale Mwimbi, na watu walijaa hadi nikaona wivu. Nasema bila kujificha, maana nakaribia sitini na kujificha kunachosha. Nilitoka Sumbawanga asubuhi nimejifunga kitenge cha msiba, machozi yapo tayari, lakini nilipofika nikakuta kwaya za vigango vitatu zimekaa kwenye nyasi, mapadri wawili wako chini ya turubai, na Wasukuma wafugaji wameleta maziwa kwa madumu, basi machozi yakakauka na badala ya kumlilia nikajikuta nawaza: nikifa mimi watakuja wangapi? Nikaenda kukaa jikoni uani, kuchambua maharage na akina mama wengine, kwa sababu jikoni ndiko mtu anakoweza kuinama bila kuulizwa. Moshi wa kuni za mikaratusi ulikuwa unatuingia machoni. Mama mmoja mgeni wa pale akasema, "Marehemu alikuwa na sauti jamani, lakini sijawahi kumsikia anaanzisha wimbo. Alikuwa anapokea tu." Mwenzake akamjibu bila kuinua kichwa, "Tangu ule mwaka wa mbegu. Wewe ulikuwa hujaolewa huku." Nami nikazidi kuinamia maharage yangu. Muda si mrefu akaja Adela, binti mkubwa wa marehemu, akapiga goti. "Shikamoo mama mdogo. Watu wakipungua naomba tukae kidogo. Kuna jambo la mama nataka kukuuliza, wewe ndiye uliyetembea naye." Nikasema marahaba mwanangu, hakuna shida. Tangu saa hiyo hadi jioni mikono yangu ilichambua maharage, lakini miguu ilikuwa imesharudi njiani.

Ulikuwa mwaka ule maduka yalipoanza kujaa. Asiyekuwapo hawezi kuelewa. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni na kurudi na nusu mche, tumezoea chumvi ya kupimiwa kwa kijiko, halafu ghafla watu wakaruhusiwa kuleta vitu, vikaja. Vilipitia Tunduma, vilipitia ziwani, vikatandazwa chini sokoni Sumbawanga: mitumba, betri, mafuta ya kujipaka yenye harufu ya maua tusiyoyajua. Zamani wote tulikuwa hatuna, na kutokuwa nacho kwa pamoja kulikuwa kama undugu. Vitu vilipokuja havikumfikia kila mtu siku moja. Vilimfikia Leokadia kwanza. Mjomba wake alimletea raba nyeupe, mpya, zenye kamba na harufu ya dukani, na mwezi uleule akachaguliwa kubeba kikapu cha hija. Tulikuwa na miaka kumi na tisa wote wawili, marafiki wa kulala kitanda kimoja, na nilimchukia wiki tatu mfululizo huku nikimsuka nywele.

Hija yetu ilikuwa ya siku sita kwa miguu, mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza. Tulitoka Mwimbi, tukapita Matai, tukaufuata uwanda hadi kwenye genge linalotazama ziwa upande wa Wampembe, ambako wamisionari wa kwanza walisimika msalaba. Jambo kubwa la hija lilikuwa kikapu. Kila nyumba ilitia humo konzi mbili za mbegu za ulezi, zikafunikwa kitambaa cheupe, na msichana mmoja akakibeba kichwani njia yote. Kule msalabani padri alichukua punje moja, akaitafuna mbele ya watu, halafu akabariki zilizobaki, na mbegu hizo zikirudi zilipandwa shamba la parokia, lile lililo mlangoni pa kanisa, linalopitiwa na kila mtu. Ulezi ule ukiota vizuri, kila mtu alikwenda shambani kwake na moyo mkunjufu. Usipoota, wazee walisema mbebaji alikuwa na neno moyoni. Nilikitaka kikapu kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Tangu Pasaka nilikuwa nafanya mazoezi, nachota maji kisimani na kurudi na ndoo kichwani bila kuishika, hata watoto wa jirani wakawa wananifuata kunicheka. Leokadia yeye alikuwa hawezi kubeba hata kata ya maji bila kujilowesha. Lakini Mama Skola, kiongozi wa hija, mjane mwenye sauti ya kiume, alisimama baada ya misa akasema, "Vichwa vizuri tunavyo vingi. Mwaka huu tumetafuta moyo mweupe." Akamshika Leokadia mkono. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, tena changu kilikuwa kirefu kuliko vya wote.

Siku ya kwanza tulitoka na baridi ya alfajiri, watu arobaini na kitu, upepo wa uwanda unatupiga masikio. Nyasi zilikuwa zimechomwa, vilima vyeusi, na katikati ya weusi ule raba za Leokadia zilionekana mbali sana. Alitangulia mbele na kikapu, mkono mmoja umekishika, shingo imekakamaa, na kila baada ya hatua chache aliwaanzishia watu wimbo. Mimi niliwekwa nyuma na akina mama wenye watoto mgongoni. Nilikuwa na ndara zilizokatika mkanda kabla ya jua kuchomoza vizuri. Nikazitupa, nikatembea peku, na kabla ya saa sita nilikuwa nimejikwaa kwenye jiwe, kucha ya kidole gumba ikang'oka nusu. Sikulia. Nilitaka damu ionekane ili mtu aseme, tazameni Gaudensia anavyohiji. Aliyeiona ni Leokadia. Tulipopumzika alikuja, kikapu kimeshikwa na mwenzake, akaketi mbele yangu na kuanza kufungua kamba. "Gaude, vaa wewe hizi mpaka Matai. Kesho nitavaa mimi." Nikamwambia, "Wapi. Hija ni ya miguu, siyo ya viatu." Nilisema kwa sauti, akina mama wasikie. Wakasikia, wakamtazama miguuni, na yeye akazifunga tena polepole, uso umemshuka. Nilitembea umbali uliobaki nikichechemea, lakini kwa furaha, na furaha hiyo ilinishikilia hadi tulipofika Matai, ambako tulipewa ugali wa ulezi na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, katika darasa la shule, na nikamsikia Mama Skola akimwambia katekista nyuma ya ukuta, "Yule mtoto atatufikisha. Umemwona? Amechoka lakini hanuni." Nikajua hakuwa ananisema mimi.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Tulifika mapema kwenye kijiji kimoja mbele ya Matai, jua bado lipo juu, na kikundi chetu cha wasichana tukapewa kulala kwa bibi mmoja mpika pombe. Nyumba yake naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Ilikuwa na jiko kubwa la udongo, kuta nyeusi kwa masizi, mitungi mitatu imeegemea ukuta, na mirija ya kunywea pombe ya kimpumu imechomekwa darini kama mishale. Kwenye kona kulikuwa na debe lililojaa kimea cha ulezi. Kwa asiyejua, kimea ni ulezi uliolowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa juani. Vimizizi vyake hupukutwa kwa mkono na kupepetwa kwa ungo, na ukishapepetwa vizuri unabaki punje tu, rangi ileile, ukubwa uleule. Tofauti yake ni kwamba umekufa. Unafaa kusagwa na kutiwa kwenye pombe, hauoti tena kamwe. Bibi alitukaribisha kwa kumtaja Mungu kwa lugha yetu, Leza awape nguvu, wajukuu zangu, kisha akaenda kwa jirani kuazima kinu. Wenzangu wakataka kwenda mtoni kuoga. Mama Skola akaniangalia kidole, akasema, "Wewe huwezi kuteremka huko. Baki ulinde kikapu."

Nikabaki. Kikapu kilikuwa kimewekwa juu ya uchaga, kwa kuwa hakiruhusiwi kugusa chini, na kitambaa chake cheupe bado kilikuwa safi. Kutoka mtoni niliwasikia wakicheka, na sauti ya Leokadia ilikuwa juu ya zote. Nilikaa. Nilisali, haki ya Mungu nilisali, lakini sala yangu ilikuwa ni ileile ya siku zote, kwa nini yeye. Halafu macho yakaenda kwenye debe. Kusema kweli nilicheka kwanza. Nikaona picha yote: padri anatafuna punje, anasikia utamu wa kimea, anauliza binti huyu ametuletea nini, na watu wote wanatambua kwamba Leokadia mwenye moyo mweupe ametembea siku sita kupeleka pombe altareni. Wangemcheka. Basi, nilitaka wamcheke tu, siku moja, mbele ya msalaba. Nilishusha kikapu, nikamimina mbegu kwenye ungo, nikachota kimea kwa bakuli hadi kikapu kikajaa, na mbegu za nyumba zetu zote nikazimimina debeni nikazichanganya kwa mkono. Nikafunika kitambaa, nikakaza fundo. Bibi aliporudi na kinu alinikuta nimekaa palepale, akanisifu kwa utulivu wangu, akanipa togwa.

Asubuhi ya siku ya tatu Leokadia alipotwikwa kikapu alisimama ghafla. Alikishusha kidogo, akakitwika tena. "Mama Skola," akasema, "kimekuwa chepesi." Mama Skola akamwambia ni mazoea, shingo imezoea. "Hapana mama. Jana kilikuwa kinaniua, nilikuwa nataka kusema nimeshindwa. Nilisali usiku, nikasema Bwana, mimi siwezi, nipunguzie. Tazama." Machozi yakamtoka, akaachia mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Mwimbi akasimama wima na kikapu kichwani bila kukishika. Kimea huwa chepesi, kila mpika pombe wa Ufipa anajua; kilicho ndani ya punje kimeshaliwa na chipukizi. Lakini hakuna aliyefikiria kimea. Watu walipiga makofi, mzee mmoja alivua kofia, na wimbo alioanzisha Leokadia asubuhi ile sijausikia tena ukiimbwa hivyo. Ndivyo nilivyompa rafiki yangu muujiza kwa mikono yangu mwenyewe. Na nikamwonea wivu hata kwa huo! Nilitembea nyuma nikisema moyoni, mbona mimi nikisali hakipungui kitu, kana kwamba sikujua ni nani aliyepunguza.

Mchana wa siku hiyo tulipita kwenye boma la Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, mama mwenye boma akatoka na kibuyu cha maziwa mgando. Alimpa kwanza mwenye kikapu. Leokadia akanywa funda moja, akaniita kutoka nyuma, akanipa kibuyu kabla ya wengine wote. Halafu akavua raba. Hakuniuliza safari hii. Alipiga magoti mbele ya boma la watu, akanivisha, akakifunga kidole changu kwa leso yake kwanza, na kusema, "Mimi leo sihitaji. Leo naweza kutembea hata juu ya miiba." Zilinienea vizuri kuliko zilivyomwenea yeye. Nilizivaa siku tatu zilizobaki, kwa hiyo nilifika msalabani kwa miguu ya Leokadia, naye akafika peku, damu kisiginoni, anaimba.

Kabla ya misa tulipanga mstari kuungama. Niliungama wivu. Padri alikuwa mgeni katika nchi yetu ya Ufipa, mtu wa kwenye migomba, wasikolima ulezi, kijana mpole. Akaniambia wivu ni kidonda cha wengi, nisali Salamu Maria tatu. Sikumwambia la kikapu. Nilijiambia atalijua mwenyewe akitafuna. Misa ikafika mahali pake, Leokadia akapiga magoti, ziwa lote la buluu liko nyuma yake chini ya genge, padri akachukua punje, akatafuna. Akatabasamu. "Mbegu tamu mwaka huu," akasema, na watu wakashangilia. Mtu wa migomba angejuaje? Alibariki kimea, akakinyunyizia maji ya baraka, na mimi nikasema amina.

Hapo ningeweza bado kusema. Kikapu kilirudi Mwimbi, kikakaa sakristia wiki sita kusubiri mvua, na Jumamosi zote hizo nilikuwa miongoni mwa wasichana wa kufagia humo. Nyumbani kwetu mbegu zilikuwepo. Zilihitajika dakika tano tu. Kila Jumamosi nilikitazama nikafagia kukizunguka. Mara nilijiambia labda padri amekibariki kweli na kitaota, mara nilijiambia nikikamatwa nakibadilisha je? Mvua zikaja. Watu walilima shamba la parokia kwa kuimba, wakamwaga mbegu, wakangoja. Mashamba ya pande zote yakawa kijani. La parokia likabaki udongo mtupu, na magugu machache, pale mlangoni pa kanisa, Jumapili hadi Jumapili. Hakuna aliyemtukana Leokadia. Wafipa hatufanyi hivyo, sisi tunanyamaza, na kimya kingi kina mshindo. Jumapili moja alianzisha wimbo na hakuna aliyepokea. Aliimba ubeti mmoja wote peke yake, nami nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nimefunga mdomo. Hakuanzisha tena. Mwaka uliofuata kikapu walinipa mimi. Nilikibeba miaka mitatu bila kukishika kwa mkono, kila mtu akasifu shingo yangu, na mara zote tatu kilikuwa kizito mpaka mwisho wa njia. Nilipoolewa Sumbawanga ni Leokadia aliyenisuka.

Jioni ya mazishi, watu walipopungua, Adela alinipeleka chumba cha mama yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na chini ya kitanda niliziona raba zile, zimekuwa za kijivu, kamba zimefungwa pamoja. Tuliketi kwenye mkeka. Adela ni mtu wa maneno machache, anapika pombe sokoni Matai na amesomesha watoto kwa pombe hiyo. Akasema, "Mama mdogo, mama alikuwa na jambo lililomsumbua mpaka mwisho. Ule mwaka wa mbegu. Alisema maisha yake yote ametafuta lile neno lililokuwa moyoni mwake mpaka mbegu zikakataa, na amepata moja tu." Nikamuuliza ni lipi. "Alisema alikuwa na wivu. Kwamba wewe ulitembea peku na kidole kinatoka damu, hukulalamika, yeye amevaa viatu. Alisema ulipozikataa alikuonea wivu siku nzima, akijua kikapu kilikuwa chako. Ndiyo maana akakuvisha. Alifikiri amesamehewa, kwa sababu asubuhi ile Mungu alikifanya kikapu kuwa chepesi. Halafu mbegu hazikuota, hakuelewa tena. Sasa nakuuliza wewe uliyekuwa naye: kulikuwa na jingine? Au aliteseka bure?"

Nimezoea kusifiwa, ni mwenyekiti wa akina mama parokiani kwetu, najua kujibu watu. Pale nilikuwa na jibu moja tu, na nililisema nikitazama raba. "Aliteseka bure, mwanangu. Nilibadilisha mimi. Siku ya pili, kwa bibi mpika pombe. Nilitia kimea."

Mtu wa mahali pengine ungelazimika kumweleza. Adela hakuhitaji. Aliitazama mikono yake, mikono ya mpika pombe, na nikaona anaipima kama anayepima madebe mawili, la mbegu na la kimea. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Nje walikuwa wanakwangua masufuria.

"Kumbe ndiyo maana kilikuwa chepesi," akasema.